Vipokezi vya Mwalimu Semeni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Semeni, mzaliwa wa Salale, aliyefundisha baiolojia Kibiti miaka kumi na tisa. Tunamkumbuka kwa hasira, na hasira hiyo sitaificha.

Somo alilolipenda ni la vipokezi, vile vinavyokaa juu ya seli vikisubiri ujumbe. Alisimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa. "Kipokezi kimoja peke yake kimya," aliwaambia. "Ujumbe ukija, viwili vinashikana. Vikishikana, mikia yake ya ndani inaamshana, na seli inaambiwa: gawanyika!"

Halafu titi lake likaota uvimbe. Kinyama kikakatwa, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu hayajarudi, mumewe akafariki. Semeni akaingia eda, miezi minne na siku kumi.

Majibu yakaja wiki ya tatu ya eda: saratani. Seli zake zilijaa vipokezi kupita kiasi, vinashikana bila hata kuitwa. Dawa ipo. Inakamata mkono wa kipokezi kabla hakijashika mwenzake. Dawa ipo, wasikilizaji, ila ilitaka kuwahiwa.

Mdogo wake, Mwamini, akaja na bodaboda kutoka Bungu kumpeleka hospitali. Tamimu, kaka wa marehemu mume, akasimama mlangoni.

"Mjane hatoki. Mnataka watu waseme nini?"

Mwamini akanyamaza kwa adabu, maana shemeji ni mkubwa. Adabu ile anaijutia mpaka leo. Semeni, ndani ya nguo zake nyeupe, akamchorea Tamimu seli kwenye daftari.

"Shemeji, hivi vitu havijui eda. Vinashikana sasa hivi tukiongea."

"Vuta subira, mwalimu," Tamimu akajibu.

Subira! Eda ilipoisha, ugonjwa ulishafika kwenye ini. Dawa ikaanzwa, haikufua dafu. Mwezi uliopita Semeni alizikwa Salale.

Siku ya hitima, sheikh alisema wazi kwamba mjane anaruhusiwa kutoka kwenda kutibiwa. Mwamini akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Shemeji Tamimu, uliwahi kumuuliza sheikh?"

Tamimu akainamisha kichwa. "Sikuuliza."

Tunawapa pole Mwamini na ukoo mzima. Pole na kwako Tamimu, ingawa hiyo inanikwama kooni. Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu wetu.

Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mjane mgonjwa, mpeleke hospitali leo. Sheikh utamuuliza njiani.