Dakika Mbili Zilizokatwa

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa mwashi na mshona nguo. Anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake wa pekee.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Daftari zake za hesabu zilijaa kuku waliovaa miwani. Mwalimu mkuu alimwita ofisini kumkaripia, akaishia kumwomba achore ramani ya dunia kwenye ukuta wa darasa la nne. Alihitimu chuo cha sanaa mwaka 1983, akaajiriwa kuchora mabango ya afya, na mwaka 1990 akahamia kituo cha televisheni, kitengo cha vipindi vya watoto.

Alifunga ndoa na fundi umeme tarehe 5 Desemba 1987, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Shemeji hasahau siku alipoamriwa kukimbia huku na huko koridoni akifukuza kofia iliyofungwa uzi, mkewe akichora. Majirani walidhani wamegombana.

Mbio zile zilikuwa za filamu ya katuni, kazi aliyoipenda kuliko zote, iliyowasimulia watoto jinsi daraja la mji wetu lilivyojengwa mwaka 1960. Msimulizi alikuwa chura aliyenung'unika kwamba nyundo zinamkosesha usingizi, na mhandisi mkuu hakuikamata kofia yake hata mara moja. Ilikuwa michoro elfu saba, yote kwa mkono wake, kwa miaka mitatu, ili zipatikane dakika kumi na moja.

Dakika mbili kati ya hizo zilionyesha wanawake wakipandisha mawe kutoka mtoni, mmoja wao mjamzito. Huyo alikuwa mama yetu. Alizoea kutusimulia habari hiyo akiwa kwenye cherehani.

Mdogo wake dada wakati huo aliandika vitabu vya historia vya shule, na alikuwa mjumbe wa jopo lililoidhinisha filamu. Dada alimpelekea mkanda, akamwomba ahakiki. Akajibiwa kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya wanawake kufanya kazi pale.

"Unamjua mama kwa kutia chumvi," mdogo wake alisema.

Dada akaenda kuzikata zile dakika.

Ndugu zangu, jibu lile lilikuwa uongo, na nililitoa mimi. Orodha ya vibarua nilikuwa nimeiona kwa macho yangu miezi miwili kabla, katika chumba cha nyaraka. Wanawake arobaini na watatu, jina la mama likiwa la tisa. Lakini kitabu changu kilikuwa kimeshachapishwa kikisema vingine, na nilikuwa nautaka ukuu wa idara. Niliupata.

Filamu ilionyeshwa tarehe 12 Juni 1998. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alikaa safu ya mbele, na ilipokwisha alisema chura amechorwa vizuri. Habari za mawe hakuzisimulia tena hadi alipofariki mwaka 2001.

Dada aligundulika kuwa na saratani ya ini Februari 2023, akalazwa tarehe 2 Oktoba. Jumapili tarehe 15, jioni, aliniuliza, "Hivi mama alibeba mawe kweli, au nilimwamini bure?"

Nilimwambia anywe dawa kwanza, tutazungumza kesho. Alifariki Jumatatu saa mbili asubuhi, mimi nikiwa nje natafuta pa kuegesha gari.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, na mimi. Michoro ya dakika zile mbili binti yake ameikuta kabatini, nzima. Nakala ya ile orodha nimemkabidhi jana.

Dada, mama aliyabeba, nawe ukiwa tumboni mwake. Hukumwamini bure. Pumzika sasa, na Mungu akupe amani niliyokunyima.