Historia ya Klabu ya Shabaha Kabla ya Saa Sita

Benchi lenyewe lina miguu minne, inayofanya kazi ni mitatu. Wa nne ulistaafu, mahali pake pana tofali. Limeegemezwa kwenye ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta huo ndiko uliko uwanja wa shabaha. Limekaliwa mpaka mbao zimechukua umbo la wenye klabu, kila mtu na bonde lake. Ukikaa kwenye bonde la mwenzio, mgongo unakuambia papo hapo. Hayo ndiyo makao makuu ya Klabu ya Shabaha, klabu ya watu wa kujitolea, ambao wangejitolea kidogo zaidi wangeisha. Jumamosi hiyo saa nne asubuhi Katibu alikuja na karatasi moja tu mkononi, lakini kwa jasho lililokuwa likimtoka ungedhani amebeba ukuta.

— Leo hakuna mizaha, akasema kabla hajakaa. — Ofisi ya ardhi inataka historia ya klabu. Mwaka tulioanza, mwanzilishi, mafanikio. Ikifika saa sita karatasi hii haipo mezani kwao, uwanja wanapewa watu wa gereji waegeshe malori mabovu.

— Saa sita ya lini? akauliza Kanali.

— Ya leo, kaka!

Kanali ni fundi cherehani. Jeshi analijua kwa kushona suruali zake. Yeye ndiye mtunza bunduki ya klabu, bunduki ya upepo, moja tu, na kila Jumamosi huisafisha mpaka ukiiangalia unapata hamu ya kunyoa ndevu. Pembeni yake alikaa Jicho, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Kazi yake ni kupandisha bendera nyekundu ili watu wasikatize uwanjani watu wanapopiga. Wa tatu ni Kamusi, kinyozi, ambaye jioni huenda kwenye ubao wa shabaha, akahesabu mashimo, akatangaza alama kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa taifa. Kahawa iko chini ya Mama Birika, naye ndiye mwanachama pekee anayefika kwa wakati.

— Si kuna daftari? akauliza Mama Birika huku akimimina. — Lile la marehemu mjomba wako. Mzee alikupa mwenyewe kitandani, nilikuwepo. Akakwambia, mwanangu, klabu yote imo humu.

Katibu akapiga funda la kahawa ya moto, ulimi ukaungua, akashukuru kupata sababu ya kutojibu.

Maana daftari alilikata. Kazi yake ya kila Jumamosi ni kuziba mashimo ya ubao kwa viraka vya karatasi na gundi ya unga, na mwaka jana karatasi zilimwishia siku ya mvua. Akaliona daftari, kurasa za zamani, mwandiko wa mjomba umelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Akasema atakata ukurasa mmoja. Wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ndio uliokuwa karibu na mkasi. Sasa limebaki jalada, na ndani ya jalada pana hewa. Kusoma hakuwahi kulisoma. Alikuwa anasubiri apate nafasi.

— Daftari lipo, akasema. — Lakini mwandiko unasumbua. Nyinyi wakongwe niambieni kwa mdomo, mimi naandika. Mwanzilishi nani?

— Baba mkwe wangu, akasema Kanali, hata pumzi hakuvuta. — Alikuja hapa na bunduki ndefu, ndefu hasa. Mdomo wa bunduki ulifika Alhamisi, yeye mwenyewe akafika Ijumaa.

— Mwaka gani?

— Mwaka ule wa mvua kubwa.

— Ipi?

— Ile iliyonyesha, bwana.

Katibu akaandika "baba mkwe", akaandika "mvua".

— Futa, akasema Kamusi. — Futa huo uongo, ofisi watatucheka. Klabu hii ni ya kale kuliko bunduki yenyewe. Watu walianza kwa mawe. Walilenga embe, walilenga ndege, vikaisha vya duniani vyote, wakahamia mwezini. Yale madoa unayoyaona mwezini unadhani ni nini?

— Ni nini?

— Alama za robo fainali.

— Fainali walipiga wapi? akauliza Mama Birika.

— Fainali iliahirishwa, mama. Kulikuwa na mawingu.

Jicho akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

— Wote hamjui. Mwanzilishi alikuwa mwanamke, bibi mmoja muuza maandazi. Mumewe alikuwa akikaa kwenye benchi hili hili, haitikii akiitwa chakula. Bibi anasimama mlangoni kwake, huko mwisho wa mtaa, pa! Kofia ya mume inaruka. Mzee anainuka, anaenda kula. Alikuwa na uwezo wa kukutungua kifungo cha shati ukiwa umelala, ukaamka unauliza nani kanifungulia.

— Mumewe hakuogopa?

— Alizoea. Mwishowe akawa anakuja na kofia mbili.

— Hiyo kweli naikubali, akasema Kanali, — kwa sababu huyo bibi alikuwa dada wa baba mkwe wangu. Na tena siku ya ufunguzi alipiga risasi juu, ya kuwasalimia watu, na risasi ile mpaka leo hii haijatua. Unadhani bendera nyekundu ni ya nini? Tunaisubiri.

Jicho, aliyeipandisha bendera hiyo miaka tisa, akatazama juu kwa mara ya kwanza akiwa na wasiwasi.

Katibu alitazama karatasi yake. Palikuwa na baba mkwe, bibi, mawe, mwezi, waanzilishi saba waliofutwa na mmoja aliyefutwa akarudishwa. Saa ya mkononi ilisema tano na robo. Alimwona mjomba pale kitandani, mkono mkavu ukisukuma daftari juu ya shuka. Na yeye akaitikia "nitalitunza, mjomba", kwa sauti nzito kabisa, sauti ya mtu mwenye mkasi nyumbani.

— Jamani, twende kwenye mafanikio, akaomba. — Hapo angalau tusigombane.

— Mwezi uliopita, akasema Kamusi. — Shimo moja katikati kabisa ya duara jeusi. Katikati mpaka nikapima kwa kidole. Andika hilo.

— Naandika. Lilipigwa na nani?

— Na... klabu.

Katibu akaandika "na klabu". Hata hapo hakushtuka, kichwa kilishajaa mwezi.

Ndipo fundi seremala akatokea kwenye kona ya ukuta, ubao wa shabaha begani, penseli sikioni. Ni mwanamke wa makamo mwenye karakana iliyopakana na uwanja. Kanali alimwagiza atengeneze ubao mpya, naye alikwenda kuuchukua wa zamani apate vipimo. Benchini hajawahi kukaa hata siku moja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, fundi! Karibu kahawa.

— Asante, mama, baadaye. Nina swali dogo tu, nikate mbao. Akautua ubao chini, akatoa futi mfukoni. — Huyu anayepiga ana urefu gani?

Kila mmoja akashusha kikombe chake.

— Maana ubao unatakiwa ukae usawa wa kifua chake, fundi akaendelea. — Mrefu? Mfupi? Nipeni jina tu, nikampime mwenyewe.

— Anayepiga ni Kanali, akasema Jicho.

— Mimi? Mimi nasafisha! Bunduki nikishaisafisha naiweka pale mezani uwanjani, nakuja zangu benchini, jioni naifuata. Anapiga Kamusi.

— Nipige na nihesabu mwenyewe? Huo si wizi? Mimi nilijua ni Jicho. Jina tu linatosha.

— Nikiona bendera yangu ikifika juu namshukuru Mungu, akasema Jicho. — Anapiga Katibu. Si ndiye anayeshinda huko na gundi?

— Mimi naziba! Katibu akasimama, kahawa ikamwagikia goti. — Nawazibieni nyinyi mashimo yenu mwaka wa kumi na moja huu! Na milio je? Kila Jumamosi tumekaa hapa, nyuma ya ukuta, tunasikia pa, pa, pa! Tunaitana, umesikia hiyo? Hiyo imeingia!

Fundi akakohoa kidogo.

— Milio ya Jumamosi ni nyundo yangu, akasema. — Jumamosi nagongelea vitanda.

Mama Birika akaweka birika chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

— Na mashimo? Kamusi akauliza, sauti imepungua. — Nimetangaza mashimo mia nne na kumi, fundi. Nimewapigisha watu makofi.

Fundi akaugonga ubao kwa kitako cha penseli, mara mbili. Ndani kukanguruma. Kwenye shimo la katikati, lile lile la duara jeusi, pakatokea kichwa cheusi, halafu mabawa, halafu nyuki mmoja mkubwa mweusi, wa wale wanaotoboa mbao wakalala humo. Akatoka, akawatazama wanachama, akaona hawana maana, akapaa juu ya ukuta.

— Bingwa wenu huyo, akasema fundi.

Hakuna aliyecheka. Kanali alivua kofia, haijulikani kwa heshima au kwa joto.

Lakini Katibu hakuwa akimtazama nyuki. Fundi alipougonga ubao, kiraka kimoja kilibanduka, na chini yake kulikuwa na kiraka kingine, na kwenye hicho cha chini mwandiko wa mjomba, umelala vile vile. Akapiga magoti. Akakitia mate, akakivuta kwa ukucha, pole pole, wakamwinamia wote wanne na miwani ya Jicho juu.

— Katibu, akasema Mama Birika. — Hilo si daftari?

— Ndilo, mama. Halafu akaongeza: — Nililikata mimi. Nililifanya viraka. Na sikuwahi kulisoma.

Alingoja wamtukane. Ni Jicho aliyesema:

— Soma basi. Lipo hapo.

Katibu akasoma:

— "Leo, mwaka wa..." Hapo pametobolewa na nyuki. "Leo tumekutana watu watano benchini, tumeanzisha Klabu ya Shabaha. Fundi viatu atasafisha bunduki. Mwalimu atashika bendera. Shemeji atahesabu. Mimi nitaziba. Bibi wa maandazi ataleta kahawa."

— Nilisema kuna bibi! akafoka Jicho.

— Shh! Na anayepiga? akauliza Kamusi. — Ameandika nani anapiga?

Katibu akasogeza jicho mpaka mwisho wa kipande.

— "Kuhusu kupiga, tutaanza Jumamosi ijayo."

Akabandua kingine. "Jumamosi. Kahawa ilikuwa nzuri. Tutaanza Jumamosi ijayo." Kingine. "Mvua. Tumekaa tu. Jumamosi ijayo." Akabandua mpaka kucha zikauma, na kote mjomba aliandika kwa uaminifu ule ule, hakuruka wiki, hakudanganya hata mstari. Kitandani alisema klabu yote imo humu, na kweli ilikuwemo yote.

— Saa tano na dakika arobaini, fundi akakumbusha. — Mimi nina vitanda. Nipime kwa urefu wa nani?

Wanne wakatazamana. Kanali akatazama viatu. Kamusi akatazama mwezi, ambao mchana ule haukuwepo. Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe cha Jicho. Likatoa tone moja, la pili likakataa.

Katibu akageuza karatasi ya ofisi upande wa nyuma, uliokuwa bado mweupe. Akaandika haraka, akisema kwa sauti wasikie wote, ili safari hii pasiwe na siri:

— Mwaka: umeliwa na nyuki, kielelezo tunacho. Waanzilishi: watu watano wa benchi hili. Mafanikio: tangu klabu ianze hadi leo hajaumia mtu.

— Hiyo ni kweli tupu, akasema Mama Birika.

— Hata ndege, akaongeza Kanali.

— Watatupa uwanja kwa hiyo? akauliza Jicho.

— Watauliza nani anapiga, kama alivyouliza fundi, akasema Katibu.

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. Halafu, badala ya kukimbilia ofisini, akaenda kwenye ukuta, akabandika mgongo wake pale, visigino pamoja, kidevu juu, kama mwanafunzi anayepimwa sare.

— Nipime mimi, fundi. Fanya upesi.

Fundi akanyoosha futi kutoka chini hadi kifuani kwake, akatia alama ukutani kwa penseli. Akamtazama usoni.

— Kaka Katibu. Kupiga unajua?

Katibu akautazama ubao. Nyuki alikuwa amerudi, anazunguka ubao, anatafuta shimo lake.

— Tutaanza, akasema. — Jumamosi ijayo.