Shangazi Minara Anakabidhi Kipimo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba katika kitengo chetu cha mionzi ya mawasiliano, Shangazi Minara anakabidhi kipimo chake, kile chombo cha kupimia mionzi, na kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na wananchi. Mimi, mkuu wake wa kwanza, waliniita Mzee Makaratasi. Daktari wangu hanipi muda mrefu, basi sioni sababu ya kumwandikia wasifu huku nikijifanya sikumwonea wivu.

Tulisomea fani moja na tulijua mambo yaleyale. Niliandika kijitabu kuhusu mionzi ya simu, chenye grafu za rangi. Kurasa zake ziliishia kufungia karanga sokoni. Yeye akifika mahali hakitoi chombo mpaka kila mwenye hofu aseme yake. Kuku hawatagi. Watoto hawalali. Simu mfukoni inamaliza nguvu za kiume. Hapo vijana hutazama chini na wazee hukohoa. Kisha humtafuta mwenye kelele kuliko wote, akamkabidhi kipimo apime mwenyewe.

Kuna mtaa ambao wakazi wake walitaka mnara wao uzimwe. Nilitangulia mimi. Jua lilikuwa likipiga kwenye kioo cha kipimo, nikawapa mgongo ili nisome vizuri. Wakasema naficha namba. Nilirudi ofisini na shati lililochanika.

Kesho yake akaenda yeye. Kipimo akampa fundi viatu, yuleyule aliyenichania shati. Fundi akapima chini ya mnara, halafu kando ya simu yake ikiwa inapiga. Namba ikaruka.

"Wee! Kumbe mchawi nalala naye kitandani!"

Watu walivunjika mbavu. Shangazi akawaeleza kwamba hata namba ile iko chini ya kiwango cha usalama, na kwamba simu ikikosa mtandao mzuri hutumia nguvu zaidi, kwa hiyo kuuzima mnara kungewaongezea mionzi sikioni. Akasema pia kwamba utafiti haujathibitisha kuwa simu huleta saratani, na kwamba watafiti bado wanachunguza. Hayo ya mwisho mimi ningeyameza. Wao, hayo ndiyo waliyoyapenda. Mnara ukabaki, na mkunga wa mtaa akaendelea kupatikana kwa simu. Nilimpongeza mbele ya wafanyakazi wote. Nyumbani sikula.

Mwaka jana niliambiwa nina uvimbe kichwani, upande ninaoshikia simu. Mke wangu akazifungia simu zote ndani ya sufuria. Wajukuu wakakatazwa kunipigia, na kuingia chumbani kwangu mpaka wapekuliwe mifuko. Mwisho wakaacha kuja. Nikamsomea binti yangu mkubwa kijitabu changu, ukurasa kwa ukurasa.

"Baba, mbona unasoma huku unatetemeka?" akaniuliza.

Ni kweli, nilikuwa natetemeka. Nikaagiza Shangazi aitwe.

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamsikiliza mke wangu mpaka akamaliza kulia. Halafu akanigeukia na kuniuliza mimi naogopa nini. Katika miaka yote ya kazi hii sikuwahi kuulizwa swali hilo, wala kumuuliza mtu. Nilimweleza.

"Kaka, kilicholeta uvimbe huu sikijui, na sitakudanganya," akasema. "Ila sina ushahidi wa kukunyima wajukuu."

Simu zilitoka kwenye sufuria jioni ileile. Siku hizi wajukuu wananipigia kila siku, na kabla ya kuniuliza nimelalaje, wanauliza bibi Shangazi anakuja lini. Hata hilo linanichoma.

Kwa niaba ya kitengo, asante, dada. Wivu wa kazi umekwisha. Uliobaki ni wa asubuhi zako. Utaamka bila kukimbilia gari la ofisi, utakunywa chai mpaka ipoe, utalalamikia magoti. Nilizitaka sana asubuhi hizo. Ziishi zote, na uzeeke, dada. Zeeka sana.