Jioni Niliyokata Tangazo la Msiba

Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na wale wa kukaa mlangoni ili watoke mapema nao nawasalimu. Mwenyekiti wetu wa kufa na kuzikana ameniomba nisimame, na amenikonyeza nisirefushe. Nitajitahidi. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msitegemee maneno yaliyopangwa.

Ndugu zangu, nawaambia habari ya redio yetu na habari ya kuanguka kwangu, maana tulianguka pamoja.

Redio ile ilianza kama spika. Mwenye nayo alikuwa mchukuzi wa kabichi na plamu kutoka Soni kwenda mjini, na juu ya gari lake alifunga spika ya kutangaza bei. Watu wakaanza kumpa na maneno yao. Mwambie mjomba wangu wa Bumbuli ng'ombe amezaa. Mwambie fulani harusi imesogezwa. Siku moja akasema, "Kama nazunguka na spika kutwa nzima, si bora niwe na redio kabisa?" Tulimcheka. Alikodi chumba nyuma ya duka la mbegu, kutani akabandika trei za mayai ili sauti isirudi, akatafuta vibali huko wanakovitoa, na mlingoti akausimika kilimani juu ya Lushoto. Mimi ndiye niliyebeba vyuma vile kwa kichwa pamoja na wenzangu. Nilipomaliza kubeba akaniambia nibaki hukohuko, nilinde na nijifunze kuwasha na kuzima.

Baridi ya kule juu mnaijua. Nilikuwa na jiko la mkaa, blanketi na mbuzi wangu mmoja, ambaye aliwahi kutafuna waya tukanyamaza mchana mzima. Lakini nilipenda kazi ile. Nilikuwa najiona ndiye ninayeongea na Usambara yote, na neno lenyewe sikuwa natamka hata moja.

Kilichoibeba redio yetu hakikuwa muziki. Yalikuwa matangazo ya misiba, kila jioni, halafu yanarudiwa asubuhi. Simu zilikuwepo, ila mabondeni mtandao ulikuwa unafuatwa juu ya jiwe. Jioni ikifika, sufuria zinaepuliwa, watoto wanaambiwa wanyamaze. Hata Bulwa, ng'ambo kule kwenye chai, walikuwa wakining'iniza waya mtini wanatupata. Msambaa hawezi kukaa mbali asijue nani amelala kwao.

Halafu ikaja televisheni. Bosi wetu alikuwa mtu wa kwenda mbele, simlaumu. Akaongeza mtambo wa picha palepale kilimani, na jenereta ikabaki ileile ndogo. Umeme ukiwepo, hakuna shida. Umeme ukikatika, jenereta inalia kama mtu aliyebebeshwa mizigo ya watu wawili.

Sasa siku hiyo ilikuwa fainali. Umeme wa kule kilimani ulikatika jioni. Nikawasha jenereta, picha ikaja, redio ikaja, nikakaa na blanketi langu mbele ya televisheni ndogo ya kupimia. Kabla filimbi haijapigwa, picha ikaanza kuruka. Simu ikaita, mwenye baa wa mjini.

"Mgosi, unatufanyia nini? Watu wameshanunua vinywaji, wanatazama chenga."

"Jenereta imezidiwa," nikamwambia.

"Basi ipunguzie. Wewe si ndiye fundi?"

Nikakata simu. Kwenye redio dada yetu mtangazaji alikuwa ameanza misiba. Nilimsikia kwa masikio haya. Alisema ukoo wa fulani, wa Rangwi, unasikitika kuwatangazia kifo cha... Na mimi nikashusha swichi ya redio. Picha ikasimama safi. Sikuipandisha tena mpaka penati ya mwisho.

Nilijiambia yatarudiwa asubuhi. Kila siku yalikuwa yakirudiwa. Lakini mpira ule ulikwenda dakika za nyongeza, ukaenda penati, dizeli ikaisha, na asubuhi umeme ulikuwa haujarudi. Hayakurudiwa.

Baada ya maziko ya yule wa Rangwi, mama mmoja wa ukoo ule alikuja ofisini. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akatusalimia shikamoo vizuri, mimi na bosi, kama alivyolelewa. Mimi nikaitikia marahaba, na marahaba ile inaniwasha mpaka leo. Akauliza, "Jioni ile redio ilinyamaza kwa nini?"

Bosi akanitazama. Mimi nikatazama trei za mayai. Bosi akasema, "Ilikuwa hitilafu ya mitambo, mama. Pole sana."

Yule mama akashukuru, akaondoka.

Lakini ndugu zangu, Lushoto nzima ilikuwa imetazama penati zile. Hitilafu gani inachagua upande? Haikupita muda, sokoni wakaanza kutuita redio ya kukata maiti. Watu wakapeleka misiba yao msikitini, kanisani, kwa redio za mbali. Matangazo yakakauka, mishahara ikafuata, televisheni ikazimwa, na redio nayo. Siku ya kushusha mitambo nilibeba tena vyuma vilevile kwa kichwa. Bosi hakunisema hata siku moja. Afadhali angenisema.

Nikarudi shambani, na hapo ndipo nilipoanguka hasa, maana sikuweza kwenda msibani tena. Nikiona watu wamekaa kwenye mabenchi chini ya turubai, miguu inagoma. Jirani yangu wa bondeni alikufa, mimi nikalala katikati ya maharage yangu mpaka waliposhuka kutoka makaburini. Mama watoto alikuwa akienda peke yake, anasema mzee anaumwa kiuno. Mnajua kwetu mtu asiyezika wenzake anaonekanaje. Wengine walisema nina kiburi, wengine walisema nimeingia dini ya ajabu. Mpaka mke wangu akaniambia, "Baba fulani, mimi nikitangulia wewe, nani atanibeba? Kiuno chako?"

Na jambo hilo lilikuwa linaninyima raha kuliko yote, kwamba nimemuweka mke wangu mahali ambapo hatakuwa na wa kumbeba.

Siku moja nilipeleka karoti Soni. Nikatandika gunia langu, na jirani yangu wa gunia, nikageuka, ni yule mama wa ofisini. Alikuwa amerudi kutoka Bulwa, alikoolewa. Nilitaka kufunga gunia niondoke.

"Wewe ndiye wa kule juu kilimani," akasema.

"Ndiyo, mama. Na ni mimi niliyezima. Haikuwa hitilafu."

"Najua. Mume wangu alitazama ule mpira kwenye televisheni yenu."

Akaendelea kupanga karoti zake, ndogo chini, kubwa juu. Halafu akanieleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari ya mwingine.

"Redio ilitaja ukoo wetu ikanyamaza. Nikajua kuna aliyekufa, sijui nani. Nikaondoka alfajiri. Njiani nikasema ni baba, ana kifua, nikamlia baba. Kufika Muheza nikasema hapana, ni dada, alikuwa na mimba, nikamlia dada. Korogwe nikamlia mdogo wangu wa pikipiki. Mlima wa kutoka Mombo nilimlia mwanangu niliyemwacha kwa bibi yake. Mama sikumlia. Mama alikuwa na nguvu, ndiye aliyekuwa akiwalimia wote. Nimefika nakuta wote niliowalia wamesimama mlangoni, na kaburi la mama udongo wake mbichi. Machozi yalikuwa yamekwisha, mzee wangu. Mama yangu sijamlia mpaka leo."

Nawaambia kweli, nilitamani anitukane. Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

"Hilo sijui," akasema. "Ila kesho tunamzika shangazi. Vijana wote wameshuka Tanga, wa kuchimba wachache. Njoo na beleshi."

Nikaenda. Watu waliponiona wakageuka, halafu mmoja, naye yupo hapa anainamisha kichwa, akasema, "Mgosi, leo hakuna mpira?" Watu wakacheka. Msiba ule ukacheka. Nikaingia shimoni, nikachimba mpaka mgongo ukakataa, na hakuna aliyenipokea beleshi kwa huruma. Waliniacha nichoke kama wao. Jioni nikapewa sahani ya makande nikala na wenzangu. Nililia ndani ya sahani ile, wakajifanya wanatazama migomba.

Basi, shukrani. Namshukuru bosi wetu, popote alipo, kwa kunificha, ingawa hakunisaidia. Namshukuru huyu wa mpira. Namshukuru mke wangu aliyenitania kiuno hadi nikaona aibu. Tulimzika mwaka huu, nanyi mlimbeba, na mabega yalizidi jeneza. Na yule mama namshukuru. Mpaka leo hajaniambia kama amenisamehe, na mimi simuulizi tena.

Redio imefufuka, ipo kwa watoto wa bosi, inapatikana hata kwenye simu. Waliniita niwaombee mema, nikawaomba jambo moja tu, wakalikubali. Sasa wanataja jina la marehemu kwanza, ukoo baadaye.

Na nyinyi mmenipa kazi ya kupeleka habari kwa miguu kule mabondeni. Najua desturi yetu, unakaribishwa, unakaa, unaulizwa mvua ya kwenu, ndipo unalifikia neno polepole ili mtu asishtuke. Mtanisamehe, mimi hiyo siiwezi. Nikifika napiga hodi, na nikiwa bado nimesimama mlangoni nasema ni nani. Wengine wameninung'unikia kwamba sina adabu. Wana haki. Lakini kama kuna la kujifunza kwangu ndilo hilo, na ukija kwangu na habari, nitajie jina kabla hujakaa. Mtu alie wa kwake aliyekufa, asiwalie walio hai.

Ahsanteni kwa kunivumilia. Mwenyekiti, nimerefusha.