Honorata Tarimo na Kahawa Iliyosimamisha Mnada

Tarehe 30 Juni 1998, Mama Honorata Tarimo anavua aproni yake baada ya miaka kumi na tisa katika ukumbi wetu wa mnada hapa Wheaton. Tulipanga kumwandikia wasifu mtulivu. Imeshindikana, maana hadi leo baadhi yetu hatujafumba midomo.

Alianza mwaka 1979 kama mfagiaji. Baadaye akakabidhiwa kauri: kuiosha, kuipanga mezani, kuifunga kwa karatasi laini. Alitunyang'anya pete na saa kabla hatujagusa kisahani, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvunja hata kifuniko. Zilipoletwa seti za kahawa za Kifaransa, zile za zamani zilizochorwa majeshi kwa mkono, aliwasalimu askari wake kila asubuhi na kuwaita wapangaji. Jemadari mmoja, aliyechorwa akiwa na buti zenye tope, Mama Honorata hakuwahi kumpenda.

Ndiyo maana mwezi uliopita tulipigwa na butwaa. Ilikuwa siku ya kuuza seti ya Bi Edna, mjane kutoka Columbia, na wanunuzi walikuwa wameijia hiyo tu. Bi Edna alikaa nyuma akilia kimya. Mama Honorata akapita katikati ya watu, akachukua kikombe kilichochorwa wapanda farasi pale pale mezani, akakijaza kahawa ya mashine yetu, akampelekea. Kikombe cha miaka karibu mia mbili! Bwana Silvanus, dalali wetu mkuu, alibaki na nyundo hewani kama anayesubiri kupigwa picha.

Bi Edna alikunywa, akaomba aongezwe. Kisha akaeleza kwamba marehemu mumewe hakuwahi kumruhusu kuvinywea vikombe vile, na akataka vyombo vyake vifungwe arudi navyo nyumbani. Mnada ukaishia hapo.

Kesho yake Bwana Silvanus akamwambia Mama Honorata achague: aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, au aondoke siku hiyo hiyo bila hata kuagwa. Sote tulimsihi aombe. Akasimama.

"Kikombe, sorry, nimekosea. Ila kwa kahawa siwezi ku-apologize. Mfiwa hapewi kikombe cha kutupa, Silvanus, na mama yako alikufundisha hivyo."

Tukashika vichwa. Tulijua ameshajifukuza kazi. Bwana Silvanus, mtu ambaye hatujawahi kumwona akishusha bei, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mama, utaagwa."

Na leo tunakuaga. Asante kwa kututunzia vyombo vya watu, na asante zaidi kwa kumwona mwenye vyombo wakati sisi tulikuwa tunatazama meza. Pumzika vyema huko Adelphi, sasa wajukuu wakupikie wewe. Tunakuombea maisha marefu yenye afya, na popote utakapobisha hodi, watu wafungue kabati wakutolee vikombe vya wageni.