Fundi Habakuki na Baridi ya Benzi ya Mzee Isihaka

Kabla ya yote ieleweke kwamba hakuna gari lililotembea kati ya Korogwe na Handeni bila kupita kwanza mikononi mwangu, mimi Valerian. Bila mimi wilaya hizi zingekuwa za punda. Lakini leo ni siku ya Habakuki Shemweta, anayestaafu tarehe 30 Juni 1999 baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya Manundu, basi nampisha.

Habakuki alizaliwa Vugiri, milimani kwenye mashamba ya chai, ambako watu huota moto mpaka saa sita mchana, kwa hiyo baridi anaijua kwa kuzaliwa. Alianza kwa kuziba pancha akapanda hadi fundi mkuu. Akimaliza injini zikabaki boliti mbili tatu, alisema waliolitengeneza gari walijaza za akiba. Na gari liliwaka!

Mtihani wake mkubwa ulikuja 1997. Karakana ilikuwa imebinafsishwa, mnunuzi akiwa Mzee Isihaka, mfanyabiashara wa mahindi. Benzi yake ya mwaka 1973 ilikuwa haipulizi tena baridi, na gesi yake ya zamani imeadimika madukani. Mzee akatangaza mbele yetu sote: "Jumamosi namfuata mkwe wangu Handeni, aje harusini kwa mjukuu wake. Akitoka jasho ndani ya gari langu, Habakuki, kachume chai kwenu Vugiri. Nitaleta fundi wa Tanga."

Kuhamia gesi mpya si kumimina uji. Habakuki alimwaga oili yote ya zamani, akaweka inayopatana na gesi hiyo, akabadilisha chujio la kunyonya unyevu na mipira ya viungo vya mabomba. Kisha akavuta hewa kwa pampu aliyoiunda mwenyewe kutokana na friji bovu, akajaza gesi mpya. Mimi nilisimamia, na penye ugumu wote waliniangalia mimi.

Jumamosi, tunaingia Handeni tu, Benzi ikaanza kupuliza pumzi ya moto. Mkwe mwenyewe, Bibi Hamisa, alikuwa barazani na khanga mpya. Mzee Isihaka, kwa adabu ya ukwe, hakuthubutu hata kumtazama usoni. Akanong'ona, "Fundi, chai inakusubiri."

Habakuki akapaka povu la sabuni kwenye viungo. Kimoja, karibu na kompresa, kikatoa mapovu. Akabadilisha mpira, akachomeka pampu yake kwenye umeme wa fundi cherehani jirani, akavuta hewa nusu saa, akajaza gesi ya akiba. Bibi alikunywa vikombe vitatu vya chai akitungoja.

Tukaondoka, Mzee akifuata na pikapu tuliyokuja nayo, maana mtu na mkwewe hawabanani kiti kimoja. Kufika Sindeni, Bibi akagonga kiti: "Simamisheni! Kamwambieni mkwe wangu sijafa bado. Mbona ananisafirisha kama maiti?" Keriako, mfugaji aliyekuwa akivusha ng'ombe barabarani, akamwazima shuka. Mzee Isihaka alicheka hadi akashika boneti, na Habakuki hakuchuma chai.

Fundi, asante kwa mikono yako na uvumilivu wako. Nenda Vugiri na afya njema, ule matunda ya jasho lako huko kusikotoka jasho.

Na kwa kuwa unaondoka, nikiri. Mpira mmoja mpya, wa kile kiungo cha karibu na kompresa, sikuufunga, nikarudishia wa zamani. Nilikuwa nimeuvaa kidoleni nimwonyeshe Justa wa mgahawani kuwa nina pete, ukaninasa. Ilibidi Justa mwenyewe auchomoe kwa mafuta ya maandazi.