Merle Vosika na Mdahalo Ambao Haukuwepo

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kettle Prairie, nanyi mliosafiri kutoka mbali kwenye barafu hii, familia imenituma mimi, Annika, mjukuu wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe alizidharau hotuba za mazishi kuliko alivyoyadharau matangazo ya wanasiasa, akisema kwamba ni filamu pekee ambayo kila mhusika wake ni mwema, nitajitahidi nisimpambe.

Marehemu Merle Anton Vosika alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, katika shamba la ng'ombe wa maziwa maili sita kaskazini mwa mji huu, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Anton na Libby Vosika, baba akiwa mtu asiyefungua kinywa mpaka ng'ombe wote wakamuliwe, mama akiwa mtu anayesema kwa niaba ya wote wawili, hivyo mtoto akakulia kati ya kimya na maoni, akachagua maoni.

Alianza masomo Septemba 1947 katika shule ya chumba kimoja ya Plum Creek, akaimaliza Mei 1955, akaingia sekondari ya hapa mjini na kuhitimu tarehe 5 Juni 1959, kisha akasoma miaka miwili katika chuo cha ualimu, ambacho alikiacha Mei 1961, si kwa kufeli, bali kwa sababu mhadhiri wake alimwandikia pembeni mwa insha kwamba ana uchungu usio na sababu, naye akajibu chini yake, kwa kalamu nyekundu kama ya mhadhiri, kwamba sababu atakwenda kuzitafuta nje.

Sababu alizipata haraka, kwani Septemba mwaka huohuo aliajiriwa kuendesha mitambo ya sinema ya Majestic, barabara kuu, akakaa miaka kumi na sita na nusu katika kijichumba cha juu chenye joto la tanuri, mahali ambapo mtu akiichukia filamu hawezi kunyanyuka na kwenda zake kama mlivyozoea ninyi mlioketi chini, maana ukanda unataka kubadilishwa, na kwa sababu hiyo kila upuuzi uliopita mji huu aliutazama mara tano, mara sita, hadi jina la mwisho la mshona mavazi, na humo ndimo alimopata sheria yake moja, kwamba mwenye kudharau sharti akae mpaka mwisho, kwa sababu anayetoka katikati hana dharau, ana haraka tu.

Majestic ilifungwa tarehe 31 Machi 1978, ikawa duka la magodoro, na marehemu alikuwa akila samaki wa kila Ijumaa katika ukumbi wa mji, akiwalalamikia watu wa meza nzima kuhusu televisheni, mhariri wa gazeti letu la kila wiki, hayati Orrin Stade, aliposogeza kiti akamwambia, "Merle, unavyotuharibia samaki hapa bure, njoo basi uniharibie ukurasa wa sita," na Alhamisi iliyofuata, tarehe 6 Aprili, safu yake ikatoka, ikafunguliwa kwa maneno ambayo hakuyabadilisha miaka thelathini na sita, yaani "Nilikaa, nikatazama."

Ni katika safu hiyo kwamba seneta mmoja aliyehutubia uwanja wa maonyesho kwa dakika arobaini aliambiwa kwamba kama angekuwa bomba tungeshamwita fundi, na mgombea aliyepigwa picha zizini aliambiwa kwamba shati lake la kishamba bado lina mikunjo ya dukani, na ng'ombe ameiona, na vipindi vya asubuhi vya televisheni vikaitwa watu wanne wanaocheka kabla ya mzaha kufika, na kuhusu filamu moja ya saa mbili na nusu, iliyojaa milipuko, aliandika kwamba majengo ndiyo pekee yaliyoonyesha hisia, nayo yakaangushwa. Hakuwa na chama, alividharau vyote viwili kwa zamu, wiki hii hiki, wiki ijayo kile, na wale waliompenda wiki ya kwanza walikuwa wakisitisha usajili wa gazeti wiki ya pili, wengine wenu mmeketi humu leo, mmevaa vizuri, na alijua majina yenu.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Arlys Tollefsrud, mhudumu wa maktaba, tarehe 12 Juni 1965, katika kanisa hilihili, baada ya uchumba wa miaka miwili ambao kwa sehemu kubwa ulifanyika ndani ya kijichumba cha mitambo, na bibi akiulizwa alimpendea nini husema, "Ndiye mwanamume pekee mji huu ambaye hakunidanganya kwamba ile filamu ilikuwa nzuri." Walijaliwa watoto wawili, Corinne, ambaye ni mama yangu, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1967, na Dale, aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1970, ambao walilelewa kwa upendo na kwa katazo moja, kwamba mtoto asiseme kitu ni kibaya mezani bila kueleza alichokiona.

Sasa nafika mahali ambapo watu wengine wa familia walitaka niruke, na bibi akasema nisiruke.

Mwaka 2013 gazeti letu lilinunuliwa na kampuni ya mbali, ambayo viongozi wake hawajawahi kukanyaga tope la hapa, wakahamishia uchapaji jimbo jingine, na saa ya kufunga kurasa, iliyokuwa Jumatano mchana, ikawa Jumanne saa sita. Marehemu alikuwa amezoea kutazama Jumanne jioni na kuandika Jumatano asubuhi, na sasa alitakiwa aandike kabla ya kutazama, jambo ambalo kwa muda alilikwepa kwa kuzungumzia mambo ya wiki iliyotangulia, mpaka Jumanne ya tarehe 21 Oktoba 2014, siku ya mdahalo wa televisheni kati ya wagombea wawili wa kiti chetu cha bunge la jimbo, uliopangwa kuanza saa moja jioni. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, alikuwa ametazama midahalo zaidi ya mia moja, alijua kila atakachokiona, basi akakaa mezani asubuhi ile, akaandika kwamba alikaa, akatazama, na kwamba Bwana Wendell Krause, mmoja wa wagombea hao, alikunywa maji kila alipoulizwa bei ya maziwa, na kwamba alitabasamu usiku kucha kama mtu ambaye hajawahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Akatuma saa tano na nusu, akala mchana vizuri.

Mdahalo haukufanyika. Mama yake Wendell, Bi. Lucille Krause, alianguka jikoni alasiri ile, akafariki saa tatu usiku, mwanawe amemshika mkono, na Alhamisi asubuhi safu ya marehemu ilikuwa kwenye kila kibaraza cha mji huu, pamoja na kibaraza cha nyumba yenye msiba.

Sitawasomea yaliyosemwa na mji, mnayajua, mliyasema ninyi, dukani, kwenye ukumbi wa mchezo wa boling, hata kwenye ngazi za kanisa hili, ambapo mtu aliyekuwa hajamaliza filamu hata moja maishani mwake alimwambia bibi kwamba mume wake ni mwongo. Bibi alimjibu, "Ndiyo, wiki hii," akaingia kuketi. Marehemu hakujitetea, kwa sababu hasira ya watu haikuwa imegusa kinachomuuma, dharau yake yote ya miaka ile ilisimama juu ya neno moja, nikatazama, na neno hilo sasa lilikuwa uongo, na kama uongo huo ungebaki bila kusahihishwa, basi kila Alhamisi tangu 1978 ingekuwa maneno ya mropokaji tu.

Aliandika masahihisho Jumatatu iliyofuata, akayatuma, na meneja wa kampuni akapiga simu kutoka huko aliko, simu ambayo mama yangu aliisikia kwenye spika. "Merle, safu yako imefunguliwa mtandaoni mara elfu arobaini, hujawahi kupendwa hivi, usiombe radhi, endelea kuwachokoza." "Hawanipendi, wanapunguza mwendo kuangalia ajali." "Ni kusoma tu, rafiki yangu, kote ni kusoma." "Mimi si rafiki yako, na wewe hujaisoma." Masahihisho hayakuchapishwa, yakawekwa badala yake mapishi ya maboga, na hivyo ndivyo ilivyokwisha kazi ya marehemu gazetini, bila barua ya kuagana, kwa maboga.

Basi alikwenda maktaba, akatoa nakala themanini, akazibandika kwenye mlango wa duka la vyakula, wa posta, wa benki, na nakala moja ninayo, inasema: "Niliandika kwamba nilitazama mdahalo. Haukuwepo mdahalo. Sikutazama kitu. Nilitunga uongo kabla ya chakula cha mchana, nikiwa nimeshiba dharau, na wakati uongo wangu unachapwa, Bwana Krause alikuwa anamuuguza mama yake. Merle Vosika."

Nakala ya mwisho aliipeleka kwa mkono, yeye na bibi, na bakuli la viazi na jibini kama ilivyo desturi yetu ya msibani, wakamkuta Wendell jikoni, mbele ya mabakuli mengine kumi na moja ya viazi na jibini.

"Mara hii umekuja kunitazama kweli, Bwana Vosika?"

"Nimekuja."

"Basi tazama."

Marehemu alimtazama, kwa muda mrefu, bibi anasema, mpaka yule mtu akaichukua karatasi na kuisoma amesimama.

"Lile la maji ulipatia," akasema Wendell. "Wakinitajia maziwa koo hunikauka."

"Kupatia bila kuona ni uongo uliobahatika."

"Mama alikuwa anakukata gazetini kwa mkasi, anakubandika kwenye friji. Ya Alhamisi ile hakuiwahi."

Marehemu akasema, "Sitakupigia kura," na Wendell akasema, "Najua, kaa ule," wakakaa, wakala viazi vya watu wengine.

Tangu wiki hiyo hadi mwisho, kila Alhamisi, aliacha karatasi moja yenye safu yake kwenye kaunta ya maktaba, na juu ya kila karatasi aliandika mahali alipoketi, saa aliyoanza na saa aliyomaliza, na macho yalipoanza kuzimika mwaka 2017, daktari akamwambia katikati ya kila kitu kutabaki doa la giza, naye akasema hiyo ndiyo sehemu anayosimama mwanasiasa, hakuna hasara, bibi akawa anatazama kwa niaba yake, na karatasi zikaanza kuandikwa, "Nilisikia, Arlys akatazama."

Moyo ulianza kumsumbua Novemba iliyopita, akalazwa hospitali ya kaunti tarehe 8 Januari 2020, na alasiri ya Jumanne, tarehe 14, kwenye televisheni ya ukutani ilikuwapo filamu ya daktari wa mifugo anayempenda mrithi wa kiwanda cha mishumaa, ambayo bibi alimsimulia neno kwa neno, akiitemea mate, mpaka saa tisa na dakika ishirini, alipogeuka akakuta hakuna tena anayemsikiliza. Muuguzi aliingia kwa upole, akanyoosha mkono azime, bibi akamzuia, akamshika babu mkono, akaketi mpaka mwisho, na Alhamisi, kama kawaida, kulikuwa na karatasi kwenye kaunta ya maktaba, kwa mwandiko wa bibi: "Merle alifika dakika ya themanini na moja. Mimi nimemalizia kumi na moja zilizobaki. Haikutengemaa."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya kaunti, hasa yule aliyeuacha mkono wake hewani akasubiri, inawashukuru majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuitwa, wahudumu wa maktaba, kinamama waliotengeneza sandwichi zilizoko kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, na Bwana Wendell Krause, aliyebeba jeneza upande wa kushoto. Kampuni yenye gazeti imeleta shada la maua na tangazo lisemalo kwamba marehemu alikuwa sauti ya furaha, tumelipokea shada.

Ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu watano. Pumzika sasa, Merle Vosika, na hiyo amani nayo uitazame vizuri kabla hujaisemea.